Bundes-, Landes-, Reichs-: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu majina ya taasisi za serikali ya Ujerumani

Barua ya serikali ya Ujerumani huanza kujieleza juu ya bahasha, kwenye jina la ofisi iliyoituma. Kwa bahati mbaya jina hilo mara nyingi ni neno moja refu kama gari la moshi, na msomaji wa Kiswahili hulikata macho akaenda moja kwa moja kwenye tarehe na kiasi cha pesa. Nimewatafsiria watu barua za namna hii kwa miaka kadhaa, na maswali wanayoniuliza ni yaleyale. Haya hapa, pamoja na yale ya historia ambayo huulizwa na wanafunzi na watafiti kutoka nyumbani.

Bundes- maana yake nini?

Inatokana na Bund, yaani fungamano au shirikisho, neno la ukoo mmoja na kitenzi binden, kufunga. Jina rasmi la nchi ni Bundesrepublik Deutschland, Jamhuri ya Shirikisho la Ujerumani, iliyozaliwa na Sheria ya Msingi, yaani katiba yake, ya tarehe 23 Mei 1949. Tangu 3 Oktoba 1990 shirikisho hilo lina majimbo 16, na kila jimbo lina bunge, serikali, polisi na mahakama zake. Kwa hiyo jina likianza na Bundes-, unaambiwa kwamba chombo hiki ni cha majimbo yote 16 kwa pamoja. Bundestag ni bunge la shirikisho, Bundeskanzler ni kansela wa shirikisho, Bundeswehr ni jeshi lililoundwa mwaka 1955.

Mtanzania hahitaji maelezo marefu hapa. Tunasema Serikali ya Jamhuri ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na mtu akiacha neno “Muungano” mahali linapotakiwa, mjadala huwaka. Bundes- hubeba uzito wa namna hiyo.

Je, hivi kweli ni viambishi awali?

Kwa mwanaisimu, hapana. Viambishi awali halisi vya Kijerumani ni vipande visivyosimama peke yake, kama ver-, be-, ent- na un-. Bundes- ni nomino nzima iliyotangulizwa mbele ya nomino nyingine, na ile -es- ya katikati ni gundi. Bundestag basi ni neno ambatano, kama mwanasheria au mwanamaji kwetu. Lakini kwa kuwa nomino hizo chache hurudi mbele ya majina mengi mno, kuziita viambishi kunamsaidia anayejifunza, na ndivyo nitakavyofanya hapa.

Jambo moja la kuangalia: Tag ya Bundestag haina maana ya “siku”. Ni ile ya kitenzi tagen, kukaa kikao. Nimeshaona tafsiri ya mashine iliyoandika “siku ya shirikisho” mahali palipotakiwa bunge.

Nisomeje neno kama Bundesverfassungsgericht?

Anza mkiani. Hii ndiyo kanuni ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu Kiswahili na Kijerumani hapa ni kama mtu na kivuli chake kwenye maji. Sisi tunataja kwanza kitu chenyewe, kisha tunakifafanua kwa “ya”, “la”, “cha”. Mjerumani hufafanua kwanza na kitu chenyewe hukiweka mwisho. Basi soma kutoka kulia: Gericht ni mahakama, Verfassung ni katiba, Bund ni shirikisho. Ukivipanga kwa mpangilio huo unapata Mahakama ya Katiba ya Shirikisho, bila kusogeza neno hata moja. Mahakama hiyo ipo Karlsruhe tangu mwaka 1951.

Jaribu na Landeskriminalamt. Amt ni ofisi au idara, kriminal ni ya jinai, Land ni jimbo: Idara ya Jinai ya Jimbo. Sasa Oberlandesgericht: mahakama, jimbo, juu. Mahakama ya Juu ya Jimbo. Mkia ndio pia unaoamua jinsia ya neno zima. Bund ni der (ya kiume), lakini Amt ni das (si ya kiume wala ya kike), kwa hiyo ni das Bundesamt. Mwanafunzi anayejua hili hupunguza makosa mengi ya sarufi kwa siku moja.

Zipo ofisi ambazo Bundes- imejificha katikati. Umweltbundesamt ya Dessau inashughulikia mazingira, Kraftfahrt-Bundesamt ya Flensburg ndiyo inayotunza rejista ya pointi za makosa ya madereva, na Statistisches Bundesamt ya Wiesbaden ni ya takwimu. Mada imetangulia, lakini mwenye ofisi ni yuleyule. Usiridhike na herufi za mwanzo tu.

Na Landes-? Mbona wakati mwingine naona Land- bila -es-?

Swali zuri, na jibu lake limewachanganya hata watafsiri wazoefu. Land kwa Kijerumani ni nchi, ni jimbo, tena ni shamba au bara kwa maana ya nje ya mji. Ikiwa na gundi -es- katika majina ya serikali, huwa ni jimbo: Landesregierung, serikali ya jimbo, Landesamt, idara ya jimbo. Bunge la jimbo, Landtag, limekaa bila gundi kwa sababu ni jina la kale.

Bila gundi, angalia vizuri. Landrat ni mkuu wa Landkreis, yaani wilaya, wala si mkuu wa jimbo. Landgericht ni mahakama ya eneo, iliyo juu ya Amtsgericht na chini ya Oberlandesgericht, na jimbo kubwa lina Landgericht nyingi. Ukivuka mpaka kuingia Austria, mahakama ya ngazi hiyo inaitwa Landesgericht, pamoja na gundi yake. Silabi moja, nchi mbili.

Tena majimbo yenyewe hayafanani. Bavaria na Saksonia huita serikali zao Staatsregierung, serikali ya dola, kwa fahari ya historia zao. Berlin, Hamburg na Bremen ni miji iliyo majimbo, na serikali zao huitwa Senat. Bunge la Berlin ni Abgeordnetenhaus, la Hamburg na la Bremen ni Bürgerschaft, na mahakama ya juu ya jimbo mjini Berlin ina jina lake la kale, Kammergericht. Anayetafuta Landtag kwenye ramani ya Hamburg atatafuta hadi jioni.

Barua yangu haina Bundes- wala Landes-. Ni ya nani?

Hapa ndipo watu hupoteza muda na fedha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Finanzamt, ofisi ya kodi, ni ya jimbo, ingawa jina halisemi. Amtsgericht ni mahakama ya ngazi ya chini kabisa, nayo ni ya jimbo. Standesamt, inayosajili vizazi, ndoa na vifo, ni ya mji au manispaa. Ausländerbehörde, ofisi ya wageni inayotoa na kurefusha vibali vya kuishi, kwa kawaida iko chini ya mji au wilaya. Vijijini kusini mwa nchi utaikuta ndani ya Landratsamt, ofisi za mkuu wa wilaya. Berlin ni tofauti: tangu mwaka 2020 kazi hiyo inafanywa na Landesamt für Einwanderung, idara ya uhamiaji ya jimbo.

Bundesamt für Migration und Flüchtlinge, maarufu kwa ufupisho BAMF, makao yake yako Nuremberg. Yenyewe huamua maombi ya hifadhi ya wakimbizi na husimamia kozi za ujumuishaji. Mwenye kibali cha mwanafunzi anayetaka kukirefusha hapeleki ombi huko. Kijana mmoja wa kutoka Tanga alinieleza jinsi alivyotuma makaratasi yake kwa ofisi ya shirikisho kwa hoja kwamba Bundes- ni kubwa kuliko ofisi ya mjini kwake, na mkubwa hasemi uongo. Yalirudi baada ya majuma kadhaa, kibali kikiwa kimebakiza siku chache. Ndugu zangu, Bundes- haimaanishi “mkubwa wa yule”. Jimbo si tarishi wa shirikisho. Kila kimoja kina kazi zake kisheria, na barua iende kwa mwenye kazi.

Kila kinachoanza na Bundes- ni cha serikali?

La. Bundesliga, ligi ya mpira iliyoanza mwaka 1963, si idara ya serikali. Bundes- pale inasema tu kwamba ligi ni ya nchi nzima. Kadhalika Bundesverband ni chama chochote chenye wanachama nchi nzima, kiwe cha wenye viwanda au cha wafuga nyuki.

Madaktari wetu wanaokuja kufanya kazi wamzingatie huyu: Bundesärztekammer. Jina lina harufu ya wizara, lakini ni muungano wa mabaraza ya madaktari ya majimbo. Leseni ya udaktari haitoki hapo. Hutolewa na mamlaka ya jimbo utakalofanyia kazi.

Na kinyume chake kipo. Auswärtiges Amt, wizara ya mambo ya nje, haina Bundes- kabisa. Imelibeba jina lake tangu mwaka 1870, ikapita katika kila utawala nalo. Zoll, yaani forodha, ni ya shirikisho bila kujitangaza. Zentral- nayo hudanganya: Zentralstelle für ausländisches Bildungswesen ya Bonn, inayotathmini vyeti vya shule na vyuo vya nje, vikiwemo vya Nairobi na Dar es Salaam, imo ndani ya baraza la pamoja la mawaziri wa elimu wa majimbo.

Bundesrat ni nini hasa?

Inategemea umesimama wapi. Ujerumani, ni chombo ambamo serikali za majimbo hupiga kura juu ya sheria za shirikisho, kura 69 kwa jumla. Austria, ni baraza la pili la bunge, na la kwanza huitwa Nationalrat. Uswisi, Bundesrat ndiyo serikali yenyewe: watu saba wanaotawala kwa pamoja. Mwandishi wa habari akisoma “Bundesrat imeamua” na asijue ni Bern au Berlin, ataandika habari isiyo ya kweli.

Reichs- ilikuwa nini, na ilikwenda wapi?

Reich hutafsiriwa himaya au dola, na tafsiri zote mbili zinabana. Kati ya 1871 na 1918 kulikuwa na Kaiser, yaani Kaizari, kwa hiyo himaya inafaa. Lakini Katiba ya 1919 ilianza kwa kusema kwamba Reich la Kijerumani ni jamhuri. Kwa hiyo mkuu wa nchi aliitwa Reichspräsident, na anayemwita “rais wa himaya” anamvika taji ambalo hakuwa nalo. Mimi huandika “Rais wa Dola” na kuongeza mwaka.

Chini ya Wanazi kiambishi hiki kilimeza vingine. Mabunge ya majimbo yalifutwa mwaka 1934, na Landes- ikabaki ganda tupu. Lisome kutoka mkiani jina Reichssicherheitshauptamt, lililoundwa mwaka 1939: ofisi, kuu, usalama, dola. Ofisi Kuu ya Usalama wa Dola. Humo ndimo Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, ilimokuwa, na ndimo mauaji ya mamilioni ya Wayahudi yalimopangwa. Jina ni kavu kama la bohari ya vifaa, na ukavu huo wenyewe unatisha.

Baada ya vita, waliounda jamhuri mpya walirudi kwa makusudi kwenye Bund. Halikuwa neno jipya. Bismarck mwenyewe alikuwa Bundeskanzler wa shirikisho la kaskazini tangu mwaka 1867, kabla ya kuwa Reichskanzler, kansela wa dola. Lakini mwaka 1949 lilibeba ahadi: mamlaka hayatakusanywa tena mkononi mwa mmoja. Kifungu cha 79 cha Sheria ya Msingi kinakataza kabisa kuufuta mgawanyo wa nchi katika majimbo, hata bunge lote likitaka.

Unaweza kuifuata safari hiyo katika taasisi moja moja. Maabara ya vipimo iliyoanza mwaka 1887 kama Physikalisch-Technische Reichsanstalt leo ni Physikalisch-Technische Bundesanstalt. Kiambishi tu ndicho kimebadilika. Benki kuu ilipita njia ndefu zaidi: Reichsbank ya 1876, kisha Bank deutscher Länder ya 1948, yaani benki ya majimbo, ndipo Deutsche Bundesbank mwaka 1957. Majina hayo matatu yanaeleza nani alikuwa ameshika nchi.

Jengo la Reichstag jijini Berlin, ambamo Bundestag hukutana tangu mwaka 1999, bado linaitwa hivyo, lakini ni jina la jengo. Na mtu akikuonyesha leo kitambulisho au leseni yenye Reichs-, kaa mbali naye. Ni karatasi za wale wanaojiita Reichsbürger, wasioitambua jamhuri, na hazina thamani popote.

Ujerumani Mashariki walitumia nini?

Volks-, ya umma. Bunge lilikuwa Volkskammer, polisi Volkspolizei, jeshi Nationale Volksarmee. Majimbo yalivunjwa mwaka 1952 na mikoa iliyoitwa Bezirke ikachukua nafasi yake, kwa hiyo Landes- ikakosa kazi. Ajabu ni kwamba reli yao iliendelea kuitwa Deutsche Reichsbahn hadi mwisho. Neno Volks- lenyewe lilikuwa limeshachafuliwa kabla yao: Volksgerichtshof, “mahakama ya umma” ya Wanazi iliyoanzishwa mwaka 1934, iliwahukumu maelfu kifo. Kuitaja umma kwenye jina hakukuwapa watu wa nchi hizo mbili sauti.

Ober-, Haupt-, General-?

Ngazi tu. Oberbürgermeister ni meya wa mji mkubwa, Hauptzollamt ni ofisi kuu ya forodha ya eneo, Generalbundesanwalt ni mwendesha mashtaka mkuu wa shirikisho.

Wajerumani walipotawala kwetu walitumia viambishi gani?

Si Bundes-, maana dola ya wakati ule ilikuwa Reich, na kwa jumla si Landes-. Mlangoni mwa ofisi liliandikwa kaiserlich, “ya Kaizari”, ambalo ni kivumishi. Kaiserliches Gouvernement ilikuwa serikali ya gavana, makao yake Dar es Salaam tangu 1891. Chini yake zilikuwapo Bezirksamt, ofisi za wilaya, ambazo wazee wetu waliziita boma na jina likabaki. Iringa na Mahenge ziliachwa chini ya wanajeshi. Bukoba, Rwanda na Burundi kila moja ilikuwa Residentur, ambako watemi na wafalme waliachiwa viti vyao chini ya jicho la mkaazi wa Kijerumani. Neno Bezirksamt bado lipo Berlin, ambako ni ofisi ya kila moja ya wilaya 12 za jiji, mahali pa kushughulikia pasipoti na hifadhi za miti. Mtu wa Kilwa akiliona kwenye ukuta pale ana haki ya kusimama kidogo.

Kiambishi kinachonisumbua zaidi ni Schutz-. Maana yake ni ulinzi, hifadhi. Barua ambayo Kaizari aliipa kampuni ya Carl Peters tarehe 27 Februari 1885 iliitwa Schutzbrief, barua ya ulinzi. Nchi iliyotwaliwa iliitwa Schutzgebiet, eneo la hifadhi. Jeshi, tangu 1891, likaitwa Schutztruppe, kikosi cha ulinzi. Kikosi hicho ndicho kilichochoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula wakati wa vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, na makumi ya maelfu ya watu wakafa, wengi wao kwa njaa. Kwa hiyo nikitafsiri Schutztruppe siandiki “kikosi cha ulinzi”. Naliacha neno kama lilivyo na kueleza lilifanya nini. Aliyelindwa hakuwa Mmatumbi wala Mngoni.

Ufupisho wa BMZ au GIZ kwenye mabango ya miradi unatuambia nini?

B ya mwanzo ni Bundes- tena: Bundesministerium, wizara ya shirikisho. BMZ ni wizara ya ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, iliyoundwa mwaka 1961. GIZ haina B. Ni kampuni inayomilikiwa na shirikisho, na hutekeleza kazi inazopewa na wizara. Kwa kanuni hiyohiyo BKA ni polisi wa jinai wa shirikisho na LKA ni wa jimbo.

Nikitafsiri kwa Kiswahili niandike “ya Shirikisho” kila mara?

Kwa jina rasmi, ndiyo: “Rais wa Shirikisho”, “Polisi ya Shirikisho”. Katika habari ya kawaida “Rais wa Ujerumani” inatosha. Ninachokipinga ni “taifa” na “kitaifa” kuchukua nafasi ya Bundes-. Polisi ya Shirikisho, ambayo hadi 2005 iliitwa Bundesgrenzschutz, hulinda mipaka, reli na viwanja vya ndege, wakati polisi wa mitaani ni wa jimbo. Ukiandika “polisi wa kitaifa”, msomaji atadhani hakuna wengine.

Natafuta kumbukumbu za enzi ya Wajerumani. Niandike neno gani?

Andika jina la wakati ule, si la leo. Mambo ya makoloni yalikuwa kwenye idara ya Auswärtiges Amt tangu 1890, kisha Reichskolonialamt kuanzia 1907. Majalada yake yako Bundesarchiv, tawi la Berlin, chini ya alama R 1001, na mengi yanasomeka kwenye mtandao. Majalada yaliyobaki nchini yapo kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Ukiandika “wilaya ya Mwanza” hupati kitu. Andika Bezirksamt Muansa. Vivyo hivyo Daressalam kwa neno moja, Moschi, Aruscha, Udjidji, Ruanda, Urundi. Kwa Iringa jaribu Militärstation, kwa Bukoba jaribu Residentur. Mashauri yaliyokatiwa rufaa yatafute chini ya Obergericht Daressalam. Maandishi mengi ni ya mkono, kwa hati ya kale iitwayo Kurrent, ambayo hata Wajerumani wengi wa leo hawaisomi. Pata mtu wa kukufundisha herufi zake kabla ya kusafiri, na anza na K yenye mkia: K. Bezirksamt. Ile K ni ya Kaizari.